A. J. Showalter na Shule za Uimbaji za Kusini mwa Marekani

Anthony Johnson Showalter alizaliwa tarehe 1 Mei 1858 huko Cherry Grove, kaunti ya Rockingham, jimbo la Virginia nchini Marekani, na alifariki Septemba 1924 huko Chattanooga, Tennessee. Katika maisha yake alifanya kazi nne kwa pamoja: alifundisha muziki akihama kutoka kijiji hadi kijiji, alitunga nyimbo za Injili, aliandika vitabu vya kufundishia na aliendesha kampuni ya uchapishaji. Wengi wanaomjua leo wanamjua kwa wimbo mmoja, "Leaning on the Everlasting Arms", uliochapishwa mwaka 1887. Lakini wimbo huo ulizaliwa ndani ya kazi ya kufundisha, na bila kuielewa kazi hiyo haieleweki kwa nini ulitungwa jinsi ulivyotungwa, wala kwa nini ulienea upesi namna ile. Mhadhara huu kwa hiyo unaanza na shule za uimbaji na nota zilizotumiwa humo, kisha unamfuata Showalter mwenyewe, na mwisho unatazama alichokiacha.

Chimbuko la shule za uimbaji

Katika makoloni ya Kiingereza ya kaskazini mashariki mwa Marekani, mwanzoni mwa karne ya 18, makanisa mengi yaliimba zaburi kwa kukaririshwa. Kiongozi alitamka mstari, waumini wakaurudia kwa sauti waliyoikumbuka. Kwa kuwa hapakuwa na anayesoma nota, kila mtu alivuta sauti kwa namna yake, na mwendo ukazidi kuwa mzito mwaka hadi mwaka. Katika miaka ya 1720 baadhi ya wachungaji walianza kudai kwamba waumini wafundishwe kusoma muziki. Ndipo zikaanza shule za uimbaji.

Shule hizo hazikuwa na majengo yake wala walimu wa kudumu. Mwalimu alifika mahali, akapewa chumba cha kanisa au cha shule, akaandikisha wanafunzi wa rika zote, akawafundisha kwa wiki kadhaa, kisha akaondoka kwenda kwingine. Ada za wanafunzi na vitabu alivyouza ndivyo vilivyompa riziki. Wengi wa walimu hao walikuwa na kazi nyingine pia: William Billings wa Boston, mtunzi mashuhuri wa karne hiyo, alikuwa mtengeneza ngozi.

Katika karne ya 19 miji ya kaskazini iligeukia muziki wa mtindo wa Ulaya. Lowell Mason alifanikiwa kuuingiza muziki katika shule za serikali za Boston mwaka 1838, na mwalimu wa kuzunguka akakosa nafasi huko. Kusini na magharibi mambo yalikuwa tofauti. Watu waliishi mbalimbali mashambani, shule zilikuwa chache, vinanda vilikuwa vichache zaidi, na sauti ya binadamu ndiyo chombo ambacho kila nyumba ilikuwa nacho. Huko shule ya uimbaji iliota mizizi.

Nota za maumbo

Ugumu mkubwa wa kusoma muziki kwenye mistari mitano ni kwamba mahali pa nota hubadilika kila ufunguo unapobadilika. Do inaweza kukaa kwenye mstari wa chini katika wimbo mmoja, na katika wimbo mwingine ikakaa katikati au juu. Mwanafunzi anayekutana na muziki kwa siku chache tu kwa mwaka hupotea hapo.

Mwaka 1801, huko Philadelphia, William Little na William Smith walitoa kitabu kilichoitwa The Easy Instructor chenye suluhisho. Kila nota ilipewa kichwa chenye umbo lake. Waimbaji wa wakati huo walitumia majina manne tu ya sauti, kwa hiyo maumbo yalikuwa manne: fa ilikuwa pembetatu, sol duara, la mraba, na mi umbo la almasi. Nota ilibaki mahali pake kwenye mistari, urefu wake wa mapigo ukaonyeshwa kama kawaida, lakini umbo lilimwambia mwimbaji papo hapo aite sauti gani. Vitabu vikubwa vya kusini vilifuata mfumo huu, kikiwemo Southern Harmony cha William Walker cha mwaka 1835 na The Sacred Harp cha B. F. White na E. J. King cha mwaka 1844.

Majina saba ya sauti, yaani do, re, mi, fa, sol, la na ti, yalipozidi kutumika, maumbo manne hayakutosha. Jesse B. Aikin alichapisha The Christian Minstrel mwaka 1846 akitumia maumbo saba. Aliyaacha yale manne kama yalivyokuwa, akaongeza matatu kwa ajili ya do, re na ti. Maumbo hayo saba ya Aikin ndiyo yaliyoshinda baadaye, na ndiyo yanayochapwa hadi leo katika vitabu vya nyimbo za Injili vya kusini.

Faida ya mfumo huu ni kwamba haumtengi msomaji na muziki wa kawaida. Mistari mitano ipo, alama za mapigo zipo, alama za ufunguo zipo. Anayezoea nota za maumbo anaweza kuhamia nota za duara bila kuanza upya. Wanamuziki wa mijini waliudharau wakisema ni wa watu wasio na elimu. Walioutetea walijibu kwa matokeo: darasa la wakulima, baada ya siku chache, liliweza kufungua ukurasa ambao halijawahi kuuona na kuuimba kwa sauti nne.

Bonde la Shenandoah

Kaunti ya Rockingham, alikozaliwa Showalter, iko katika Bonde la Shenandoah na ilikuwa kitovu cha uchapishaji wa nota za maumbo. Aliyeweka msingi alikuwa Joseph Funk, Mmenoni aliyezaliwa mwaka 1778. Mwaka 1832 alitoa Genuine Church Music, kitabu cha maumbo manne. Mwaka 1847 aliweka mtambo wake wa uchapaji nyumbani kwake Mountain Valley, kijiji kilichokuja kuitwa Singers Glen, na toleo la mwaka 1851 la kitabu kile lilibadilishwa jina kuwa Harmonia Sacra na kutumia maumbo saba. Funk na wanawe walikuwa pia walimu wa kuzunguka, na nyumba yao ilikuwa karakana ya vitabu na shule kwa wakati mmoja.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861 hadi 1865 viliharibu bonde hilo. Mwaka 1864 majeshi ya kaskazini yalichoma maghala, mashine za kusaga na mazao ya Rockingham. Showalter alikuwa mtoto wa miaka 6. Familia ya Funk nayo iligawanyika. Mjukuu wake, Aldine Kieffer, alipigana upande wa kusini, na shemeji wa Kieffer, Ephraim Ruebush, alikuwa upande wa kaskazini. Baada ya vita wawili hao walipatana wakaunda kampuni ya Ruebush-Kieffer. Kuanzia mwaka 1870 Kieffer alihariri jarida la The Musical Million, lililotetea nota za maumbo kwa bidii, likatangaza madarasa ya walimu na kuwaunganisha waimbaji wa kusini nzima. Lilidumu hadi mwaka 1914.

Kampuni hiyo ilitambua kwamba vitabu havitembei vyenyewe, vinahitaji mwalimu. Mwaka 1874 ilianzisha chuo cha ualimu wa muziki huko New Market, Virginia, chini ya B. C. Unseld. Masomo yake yalikuwa ya wiki chache, lakini mapana: kusoma nota, upatanifu wa sauti, utunzi, kuongoza kwaya na namna ya kufundisha. Aliyehitimu alitoka na ujuzi, na pia na vitabu vya kuuza.

Malezi na kazi ya Showalter

Showalter alipata muziki kwanza kutoka kwa baba yake, John A. Showalter, aliyekuwa mwalimu wa shule za uimbaji. Baadaye alisoma kwa Unseld, na kwa walimu wa kaskazini kama H. R. Palmer na George F. Root. Kwa hiyo alikuwa na pande mbili: mapokeo ya bonde lao, yenye maumbo na imani kwamba kila mtu anaweza kuimba, na nadharia ya muziki iliyofundishwa katika miji mikubwa. Alianza kufundisha akiwa bado kijana mdogo. Akiwa katika miaka yake ya ishirini aliandika kitabu cha upatanifu na utunzi kwa ajili ya wanafunzi wa kusini, ambao kabla ya hapo walilazimika kutegemea vitabu vya kaskazini na vya Ulaya.

Katikati ya miaka ya 1880 alihamia Dalton, kaskazini mwa Georgia, awali kama mwakilishi wa Ruebush-Kieffer. Mji huo ulikuwa kwenye njia za reli zinazounganisha Georgia, Tennessee na Alabama, kwa hiyo vitabu na walimu walisafiri kwa urahisi. Hapo alianzisha kampuni iliyobeba jina lake, jarida la The Music Teacher, na chuo cha walimu kilichoitwa Southern Normal Musical Institute. Mwaka 1888 alitoa Class, Choir, and Congregation, na jina la kitabu hicho linaonyesha wazi aliwaandikia akina nani: darasa, kwaya na kusanyiko la waumini. Kwa jumla alihariri au kutunga vitabu zaidi ya 60. Mwaka 1895 alikwenda Uingereza, Ufaransa na Ujerumani kuchunguza jinsi muziki unavyofundishwa huko. Nyumbani Dalton alikuwa mzee wa kanisa la Presbiteri.

Jinsi darasa lilivyoendeshwa

Shule ya uimbaji ya kawaida ya kusini ilidumu takriban siku kumi hadi wiki tatu. Ilipangwa wakati ambapo kazi za shamba zimepungua, hasa kati ya palizi ya mwisho na mavuno. Jamii ilijadiliana na mwalimu kuhusu ada, na familia moja au kadhaa zilimpa chakula na malazi. Watoto, vijana, wazazi na wazee waliketi darasa moja.

Siku za kwanza zilikuwa za ubao na chaki. Mwalimu aliandika ngazi ya sauti, darasa likaipanda na kuishuka, kisha likaruka kutoka do kwenda mi, kutoka mi kwenda sol, hadi kila umbo likaita sauti yake bila kusita. Mapigo yalifundishwa kwa mkono: chini, kushoto, kulia, juu. Kila mwanafunzi alipiga mapigo yake mwenyewe, hakumwachia kiongozi peke yake. Kisha wanafunzi waligawanywa katika soprano, alto, tena na besi.

Wimbo mpya uliimbwa kwanza kwa majina ya maumbo, kila sauti kivyake, kisha sauti zote pamoja. Maneno yalikuja mwisho. Utaratibu huu ulikuwa na sababu. Anayeanza na maneno hukariri wimbo. Anayeanza na maumbo hujifunza kusoma, na wimbo unaofuata humchukua muda mfupi zaidi. Siku ya kufunga shule palifanyika tamasha mbele ya kijiji kizima, na wanafunzi hodari waliitwa mbele kuongoza. Baadhi yao wakawa walimu, wakaenda kufungua shule zao.

Pale mwalimu alipoondoka, mikutano ya uimbaji iliendeleza kazi. Waimbaji wa kaunti nzima walikusanyika siku moja au mbili, wakaimba tangu asubuhi, wakala pamoja nje ya kanisa chakula kilicholetwa na kila familia, wakarudi kuimba hadi jioni. Viongozi walibadilishana. Kwa kuwa waliohudhuria walijivunia kusoma nyimbo wasizozijua, kila mwaka walitaka kitabu kipya. Hitaji hilo ndilo lililowalisha wachapishaji kama Showalter, na ndilo lililowafanya watunzi wa kusini waandike nyimbo nyingi kiasi kile.

Wimbo wa mwaka 1887

Mwaka 1887 Showalter alikuwa akiendesha shule ya uimbaji huko Hartselle, Alabama. Jioni moja, baada ya darasa, alipokea barua mbili kutoka kwa wanafunzi wake wa zamani waliokuwa South Carolina. Kila mmoja alimwarifu kwamba amefiwa na mke. Alipokuwa akiwaandikia rambirambi alikumbuka Kumbukumbu la Torati 33:27, mahali ambapo Mungu wa milele anatajwa kuwa makazi ya watu wake, na mikono yake ya milele kuwa chini yao. Andiko hilo likamletea maneno ya kiitikio na sauti yake.

Alikuwa na kiitikio bila beti. Alimwandikia Elisha A. Hoffman, mchungaji mzaliwa wa Pennsylvania aliyezoea kuandika tenzi, akamwomba beti. Hoffman alituma beti tatu, Showalter akazilinganisha na muziki, na wimbo ukatoka mwaka huohuo katika The Glad Evangel, kitabu alichokihariri pamoja na L. M. Evilsizer na S. J. Perry kwa ajili ya mikutano ya uamsho.

Muziki wenyewe ni kazi ya mwalimu anayewajua wanafunzi wake. Sauti ya juu haimpandishi mwimbaji kupita uwezo wa mtu wa kawaida. Upatanifu unategemea sauti chache za msingi ambazo darasa lolote lilizifahamu katika wiki ya kwanza. Kwenye kiitikio, sauti ya juu inashikilia nota ndefu huku sauti za chini zikiijibu kwa maneno ya haraka. Mbinu hiyo ilipendwa sana katika shule za uimbaji kwa sababu ilimpa kila aliyehudhuria kazi ya kufanya. Besi na tena hawakuwa wasindikizaji tu. Na ingawa wimbo ulitokana na misiba miwili, mwendo wake si wa kilio. Showalter aliwapa wafiwa wale kitu cha kuimba pamoja na wenzao, na mwendo wake wa kutembea unamfanya anayeimba asibaki peke yake na majonzi yake.

Wimbo uliingia katika vitabu vya madhehebu mengi, ya weupe na ya weusi, na mwaka 1955 ukasikika katika filamu ya The Night of the Hunter.

Waliofuata

Kizazi kilichofuata kiliupeleka mfumo huu mbali zaidi. James D. Vaughan wa Lawrenceburg, Tennessee, alituma mwaka 1910 kundi la waimbaji wanne wanaume kuzunguka na kuuza vitabu vyake. Kundi hilo likawa mfano wa makundi mengi ya muziki wa Injili wa kusini. Albert E. Brumley, aliyezaliwa mwaka 1905 huko Oklahoma ya leo, alijifunza katika shule ya kampuni ya Hartford huko Arkansas, akafundisha shule za uimbaji katika milima ya Ozark, na wimbo wake "I'll Fly Away" ulichapishwa mwaka 1932. Njia yake ilikuwa ileile ya Showalter: mwanafunzi, mwalimu wa kuzunguka, mtunzi, mchapishaji.

Waimbaji weusi wa kusini walikuwa na shule na mikutano yao, wakilazimishwa na sheria na desturi za ubaguzi kukaa mbali na mikutano ya weupe. Huko Alabama, Judge Jackson alichapisha The Colored Sacred Harp mwaka 1934, katikati ya mdororo wa uchumi, ili tungo za jamii yake ziwe na kitabu chake. Historia ya nota za maumbo haijakamilika bila jina hilo.

Redio, santuri na muziki shuleni vilipunguza hitaji la mwalimu wa kuzunguka katika karne ya 20. Hata hivyo shule fupi za kiangazi na mikutano ya uimbaji zingalipo, na The Sacred Harp bado inaimbwa Marekani na Ulaya.

Maumbo na herufi

Msomaji wa Afrika Mashariki ana kipimo cha karibu cha kuupimia mfumo huu, nacho ni sol-fa. Nchini Uingereza Sarah Glover wa Norwich alibuni njia ya kuandika muziki kwa herufi za majina ya sauti, na John Curwen akaikuza katikati ya karne ya 19. Wamisionari waliisambaza Afrika. Enoch Sontonga, mwalimu na kiongozi wa kwaya karibu na Johannesburg, aliandika "Nkosi Sikelel' iAfrika" mwaka 1897 kwa sol-fa, na sauti yake ndiyo inayoimbwa na Watanzania katika "Mungu ibariki Afrika". Hadi leo walimu wengi wa kwaya nchini Tanzania na Kenya hufundisha kwa d, r, m, f, s, l, t.

Mifumo yote miwili inatumia do inayohama, na yote inamwezesha mtu asiye na kinanda kusoma. Sol-fa ina wepesi mmoja: inaweza kuandikwa kwa kalamu ya kawaida au kupigwa kwa taipureta, bila mistari. Nota za maumbo zinahitaji uchapaji maalumu, lakini zina faida nyingine: jicho linaona sauti ikipanda na kushuka, na mlango wa nota za kawaida unabaki wazi.

Tathmini

Tungo nyingi za Showalter hazifunguliwi tena, na kampuni yake haipo. Hilo halipunguzi thamani ya kazi yake. Alifanya kazi kati ya watu waliotoka vitani, wenye kipato kidogo na shule chache, akawatendea kama wasomaji na si wakariri. Aliandika vitabu vya nadharia kwa ajili yao, akaandaa walimu waliotoka miongoni mwao, na alipotunga, alitunga kwa kipimo cha sauti zao. Wimbo wa mwaka 1887 umeishi kwa sababu uliwakuta maelfu ya watu ambao tayari walijua kuusoma.

Funzo lake kwa kwaya za leo ni wazi. Kwaya inayokaririshwa humtegemea mwalimu wake siku zote, na akiondoka huondoka na nyimbo. Kwaya iliyofundishwa kusoma, iwe kwa maumbo, kwa herufi au kwa nota za kawaida, hubaki na ujuzi wake na huweza kumwandaa mwalimu wa baadaye. Parokia, usharika au shule yenye mwalimu wa kwaya inapaswa kumpa muda na ubao wa kufundishia hivyo, kabla haijamdai wimbo mpya wa Jumapili ijayo.